Bega la Kushoto la Kocha

Trrrrr. Kimya. Trrrrr.

Niliisikia cherehani kabla sijaona kitu chochote. Nilikuwa nimelala chali, kitambaa cha maji baridi kimenifunika macho yote mawili, na sauti ikawa inapenya ukutani kutoka chumba cha kazi. Trrrrr. Kimya kidogo. Halafu mkasi: kwacha, kwacha.

Jumapili! Kaka yangu hajawahi kushona Jumapili tangu nimjue, na nimemjua tangu nizaliwe.

"Kaka! Unashona nini?"

Cherehani ikanyamaza.

"Suruali ya mteja. Ana safari. Wewe lala, uponyeshe jicho."

Nikalala. Laiti ningeamka.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, shika haya machache tuendelee. Mimi ndiye ninayeongoza nyimbo kwenye jukwaa la Samawati, timu yetu ya mpira wa kikapu. Wananiita Malenga. Wengine kwa heshima, wengine kwa kunikebehi, na wote nawaitikia. Ushairi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa kugonga vidole juu ya meza ya kukatia nguo, na sioni haya kusema kwamba hakuna jukwaa katika ligi nzima lenye mtunzi wa kunifikia.

Msimu huu tunafungwa kama ngoma. Mkataba wa Kocha umefika mwisho, na mashabiki tumegawanyika: abaki au aondoke. Uongozi wa klabu ukaogopa lawama, ukatutupia sisi. "Baraza la mashabiki liamue. Mkimtaka, tunamwongezea mkataba. Msipomtaka, aende."

Baraza la kwanza lilivunjika kwa ngumi. Mtu alinirushia kijiti cha ngoma, tena cha ngoma yangu mwenyewe, kikanipata jichoni. Lakini kabla ya kijiti hicho nilikuwa nimekwisha kusimama na kusema maneno ambayo leo nayajutia:

"Namdhamini Kocha. Mtu huyu hawezi kutugeuka. Nikionekana mwongo, chukueni ngoma yangu, na sitafungua mdomo jukwaani tena."

Kwetu mdhamini haongei bure. Ukimtetea mtu barazani, unaweka rehani kitu unachokipenda. Ngoma yangu ikabebwa, ikawekwa mezani kwa Mama Mwenyekiti wa baraza mpaka tukutane tena.

Utaniuliza, kijana, nani alikutuma? Moyo ulinituma. Baba yetu alipofariki, nilikwenda kujaribiwa kwenye timu. Nilikuwa mfupi kuliko mfagiaji wa uwanja. Walinicheka mpaka refa akacheka. Kocha hakucheka. Alinifuata nilikojificha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akanipa ngoma kuukuu.

"Miguu yako haitoshi," akasema, "lakini sauti unayo. Uwanjani wanaingia watano. Wewe utakuwa wa sita, mwanangu."

Mwanangu. Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Mimi nilimwita baba moyoni tu. Kwa mdomo sikuthubutu.

Basi sasa umeshaelewa kilichokuwa mezani. Si ngoma ya ngozi na mbao. Ni sauti yangu.

* * *

Kaka aliingia na kikombe cha chai, akanitoa kitambaa usoni. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la chaki ya kuchorea nguo.

"Jicho linaonaje?"

"Linaona maadui tu."

Akacheka kwa pua. "Amka, unywe, uende ukamalize ulichokianza. Mwanamume ni kauli."

"Na wewe je?"

"Nitakuja. Nitasimama upande wako."

Shemeji akapita mlangoni, tumbo mbele, ndoo ya nguo mkononi. "Malenga, usinirudie na jicho la pili limevimba. Mtoto anakuja, siwezi kulea wawili."

Tukacheka wote watatu. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyoipenda.

Hakuna aliyenidanganya kwa maneno asubuhi ile. Walinidanganya kwa chai.

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa juu ya viti vya akiba. Sakafu ya mbao ilikuwa imepigwa deki, na Mama Mwenyekiti, ambaye siku za kazi ni mkunga na anaongea na watu wazima kama wanaosukuma, alikuwa amesimama kwenye duara la katikati na mpira mkononi, ngoma yangu iko mezani nyuma yake.

"Sheria mnazijua, lakini nawarudia kwa sababu mara ile mlizisahau. Anayesema ni aliyeshika mpira. Ashike kwa mikono miwili, ili asipate wa kumpigia mwenzake. Akiudundisha, amemaliza. Kila upande utanyanyua bango lake. Mdhamini atasema mwisho. Halafu mtatembea. Kapu la mlangoni ni Aondoke. Kapu la chini ya ubao wa pointi ni Abaki. Hakuna kubaki katikati. Katikati ni kwa refa, na refa ni mimi."

Akamrushia mpira Fundi Redio.

Huyu ndiye adui yangu mkubwa. Anatengeneza redio kwenye kibanda cha kona, na kazi hiyo imemfanya aamini kwamba kila kitu kinachokoroma lazima kifunguliwe skrubu.

"Ndugu zangu," akaanza, "mimi sina chuki na Kocha. Nauliza tu. Robo ya kwanza tunaongoza. Ya pili tunaongoza. Ya tatu tunaongoza na tunaringa. Ya nne ikifika, timu inalala kama imenyweshwa dawa ya kikohozi! Kocha yuko wapi? Kakunja mikono. Mapumziko anaomba lini? Maji yakiwa yameshapita shingo, yako puani!"

"Kweli!" wakaitikia wa mlangoni.

"Na Ngazi je? Mtu mrefu vile, akinyoosha mkono anashika kapu bila kuruka, mmemwona akicheza? Yuko benchi! Benchi limeshamzoea, siku akiinuka litalia!"

Ukumbi ukacheka. Hata wa upande wangu walicheka, wasaliti.

"Ngazi ana goti!" mtu akapiga kelele.

"Hata mimi nina goti, ninayo mawili, na naenda kazini!"

Akaudundisha mpira. Ukachukuliwa na Bibi wa Safu ya Mbele, ambaye hajakosa mechi ya nyumbani tangu enzi ambazo uwanja haukuwa na paa.

"Wanangu, mimi mume wangu nimekaa naye umri wote huu na hajanifungia hata pointi moja. Nimemfukuza?" Akasubiri kicheko kiishe. "Huyu Kocha alitukuta tunacheza kwenye saruji, mvua ikinyesha mechi inaahirishwa. Watoto aliwalea mwenyewe. Wakipata majina wananunuliwa na wengine, yeye anaanza upya na vitoto vingine. Mnataka avune asichoachiwa?"

Akaudundisha kwa shida. Mama Mwenyekiti akanitazama mimi.

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeuandaa ubeti wangu wakati jicho linavimba. Maumivu yananyoosha mizani. Nikaupokea mpira kwa mikono miwili, nikaanza kwa sauti ya chini ili wanyamaze wenyewe:

*Paa lilotufunika, kwa masika na kwa jua,*
*Tulilala tukacheka, hatukujua mafua,*
*Leo tone likishuka, mwapanda kulifumua,*
*Paa hilo likitoka, tutalowa kwa mvua!*

Nikaurudia mstari wa mwisho. Wakaupokea. Miguu ikaanza kupiga mbao. *Paa hilo likitoka, tutalowa kwa mvua!* Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti, wawili wamemshika miguu.

"Malenga!" Fundi Redio akapaza sauti. "Paa linalovuja kila robo ya nne si paa, hilo ni chujio!"

Lakini hakuna aliyemsikia. Niliwaona watu wa mlangoni, waliokuja na uso wa Aondoke, wanaimba. Nilikuwa nimeshinda. Nilijua nimeshinda kama unavyojua mpira utaingia kabla haujafika.

"Mabango!" Mama Mwenyekiti akaamuru.

La Aondoke likanyanyuliwa. La kwetu halikuwepo. Kaka ndiye aliyelishona, Kaka ndiye aliyetakiwa kulileta, na Kaka alikuwa bado hajafika.

"Bila bango hakuna upande," akasema Mama Mwenyekiti. "Mdhamini, kimbia."

Karakana yetu, kile chumba cha kazi cha nyumbani, iko nyuma ya ukumbi tu. Nikakimbia huku nawasikia nyuma yangu wanaimba ubeti wangu. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo, na sijui kama nitakuwa nayo tena.

* * *

Mlango ulikuwa umefungwa. Nina ufunguo wangu. Nikaingia.

Bango lilikuwa limeviringishwa juu ya kabati. Nikalivuta. Likaja na henga ya kutundikia nguo iliyokuwa imefichwa nyuma yake, na kwenye henga hiyo kulikuwa na koti.

Zambarau.

Kwa asiyejua, Zambarau ni ile timu ya ng'ambo ya reli. Wao na sisi hatusalimiani hata msibani. Hilo lilikuwa koti la benchi, lile linalovaliwa na makocha, bado lina nyuzi za kupigia bandi, zile za kushikiza kwa muda.

Suruali ya mteja, eh?

Hata hivyo sikukasirika. Nilicheka. Nikasema moyoni, Kaka naye, kumbe anawashonea wapinzani kwa siri kwa kuniogopa mimi. Nikalivaa ili nikamtanie nalo.

Likanikataa.

Upande wa kulia ulikaa sawa. Upande wa kushoto ulinyanyuka juu, kwa sababu ndani ya bega kulikuwa na pedi nene, iliyokunjwa mara mbili. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Nikalivua haraka, nikaligeuza ndani nje. Upande wa moyo kulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa laini. Cha filimbi.

Wasomaji wangu, mimi ndiye ninayeshika futi ya utepe katika karakana ile. Mabega ya mji mzima yamepita mikononi mwangu. Bega la kushoto lililoshuka namna hiyo ni moja tu, la Kocha. Aliliangukia zamani akiwa mchezaji, likaunga vibaya, na kila koti tunalomshonea lazima tulijaze upande huo ili akisimama aonekane amenyooka. Na filimbi anaiweka kifukoni kwa sababu kamba inamkera shingoni.

Nilikaa chini juu ya vipande vya nguo.

Mlango ukafunguliwa. Kaka.

Alilitazama koti, akanitazama mimi, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Lirudishe kwenye henga, dogo. Litakunjamana."

"La nani?"

"La mteja."

"Mteja gani ana bega la Kocha?"

Akaokota mkasi, akaurudisha mezani.

"Kaka, nakuuliza."

"Kipimo cha mtu ni siri yake. Fundi akitangaza kipimo, kesho nani atamvulia shati?"

"Mimi si mpita njia! Mimi ni mdogo wako!"

"Ndiyo sababu sikukwambia."

"Asubuhi ulinipa chai, ukaniambia mwanamume ni kauli. Ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki iliyopita nilipoweka ngoma rehani?"

"Nilijua."

"Ulikuwa pembeni yangu, ukanipigia makofi!"

"Ningefanya nini? Ningekuvuta shati mbele za watu?"

Nikalinyanyua bango mbele ya uso wake. "Na hili? KOCHA ABAKI. Ulilishona kwa mkono gani? Huo huo uliotia pedi hilo bega?"

Akashusha pumzi. "Cherehani ni moja, mdogo wangu."

Nilitamani kumpiga. Kaka yangu wa tumbo moja. Alikiona kiganja changu kikijikunja ngumi, wala hakurudi nyuma.

"Sikiliza kwanza, halafu unipige," akasema. "Zambarau wametupa kazi. Jezi zote, makoti, mifuko, msimu mzima. Kocha ndiye aliyetuombea. Sharti ni moja, isivuje mpaka watangaze wenyewe. Ikivuja, kazi imekufa. Shemeji yako yuko karibu kujifungua. Cherehani ya pili imekwama, unaijua. Nimkatae nani, nimpokee nani?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Wewe ukijua kitu, kesho kina vina na mizani."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikalitandika bango mezani, nikaliweka koti juu yake, nikaviringisha vyote pamoja, nikafunga kwa utepe.

"Unafanya nini? Wanakuja kulichukua jioni!"

"Walifuate ukumbini."

"Mdogo wangu! Nakuomba!"

Nilikuwa nimeshatoka.

* * *

Nikapita ujia wa nyuma, kwenye bomba la maji. Na hapo, chini ya dirisha la ukumbi, alikuwa amesimama yeye. Kocha. Amevaa koti letu la samawati, bega limenyooka kwa kazi ya mikono yetu. Ndani watu walikuwa bado wanaimba, na yeye alikuwa anafuatisha kwa ncha ya kiatu.

"Mwanangu! Nimekusikia kupitia dirishani. Paa! Umeniita paa. Nimetokwa na machozi, mtu mzima mimi."

"Paa lina miguu, Kocha?"

"Unasemaje?"

Nikapenyeza vidole ndani ya bango, nikavuta ncha ya mkono wa koti. Zambarau ikachungulia.

Hakuuliza ni nini. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, ukalishika bega la kushoto.

"Nilitaka uambiwe na mimi," akasema.

"Lini?"

"Baada ya kura."

"Kwa nini baada?"

Akatazama kulia na kushoto. "Zambarau hawamtaki kocha aliyefukuzwa. Wanamtaka kocha aliyeombwa abaki akakataa. Ng'ombe anayefukuzwa zizini, nani anamchukua? Nilihitaji mnitake, mwanangu. Hata kwa siku moja."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nanadi."

"Usiseme hivyo."

"Nimepigwa jicho kwa ajili yako. Nimeweka ngoma uliyonipa wewe mwenyewe. Nimekutungia wewe. Kumbe napiga mnada, na ng'ombe ananisikiliza dirishani!"

"Sikuwauza uwanjani," akasema kwa ukali kidogo. "Kila mechi nilitaka kushinda. Hilo niamini. Nimechoka tu kulea watoto wanaochukuliwa. Safari hii nimechukuliwa mimi."

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya.

Akanisogelea, akapunguza sauti ikawa ile ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Twende wote. Jukwaa lao limejaa watu, lakini halina ulimi. Nimeshawaambia habari zako. Watakupa ngoma mpya."

"Zambarau? Mimi?"

"Fikiri. Ukisema leo, mdhamini ni wewe. Ngoma imekwenda, jukwaa limekwenda. Kaka yako kazi imekwenda. Mimi nakosa huku, nakosa kule. Ukinyamaza, hakuna anayeumia."

"Na wao?"

"Wao kina nani?"

Nikamwonyesha dirisha. *Paa hilo likitoka...* Sauti ya Bibi ilisikika juu ya zote, imekauka, imepitiliza mdundo.

Kocha aliniwekea mkono kichwani, kama siku ile.

"Uko na mimi, mwanangu?"

Nikaondoka bila kusema kitu. Yeye akadhani nimekubali. Nilijua hivyo kwa sababu alinifuata ndani akiwa ananyoosha kola.

* * *

Alipotokea mlangoni, ukumbi ulilipuka. Wakampa kiti cha mbele. Akanyanyua mkono kwa unyenyekevu, akakaa.

Kaka naye aliingia kwa mlango mwingine, jasho linamtoka. Hakunijia. Alikwenda moja kwa moja akasimama chini ya ubao wa pointi, upande wa Abaki, peke yake, kabla hata watu hawajaruhusiwa kutembea.

Alitimiza ahadi yake. Alisimama upande wangu.

Nilikuwa nimebana bango kwapani. Lilikuwa zito ajabu, kama nimebeba mtu.

"Mdhamini amerudi," akasema Mama Mwenyekiti. "Mbona hulinyanyui?"

Kabla sijajibu, Fundi Redio alitoka upande wake akanijia katikati ya sakafu. Watu wakaanza kunguruma. Wakadhani ni ngumi tena, na mimi nikadhani hivyo.

Alikuwa ameshika kijiti changu cha ngoma.

"Malenga, hiki nilikirusha mimi," akasema, si kwa sauti kubwa. "Wiki nzima nimeona haya. Mimi bado nasema aondoke, na nitatembea mlangoni hata nikibaki peke yangu. Lakini umemtetea mtu wako kama mwanamume, na umenishinda. Nisamehe jicho."

Akanichomekea kijiti kwenye mfuko wa shati.

Nusura nilie mbele ya watu. Kaka yangu alinipa chai. Baba yangu wa moyoni alinipa ngoma. Wote wawili wakanifungia mlango wa ukweli. Aliyenipa ukweli bila kuombwa ni aliyenitia ngeu.

"Bwana Fundi, rudi kwenye nafasi yako," Mama Mwenyekiti akasema. "Mdhamini, neno la mwisho. Halafu tutembee."

Na akanirushia mpira.

Wasomaji wangu, hebu jitieni mahali pangu. Mpira unakuja. Sheria ni mikono miwili. Kwapani nina bango, ndani ya bango mna koti, ndani ya koti mna bega la Kocha, kazi ya Kaka, na ulimi wangu.

Ningeweza kuuacha mpira unipite. Mtu akiuacha mpira, amekataa kusema. Wangetembea. Wangembakiza kwa kishindo, naye baada ya muda angewaaga kwa huzuni, na hakuna ambaye angejua.

Nikaudaka. Mikono miwili.

Bango likaanguka. Likabingirika kidogo juu ya mbao, likasimama. Utepe haukufunguka, lakini ulilegea, na kwenye ncha moja nikaona kipande cha zambarau, upana wa kidole, kimetokeza.

Hakuna aliyekiona. Bado.

Nikamtazama Kaka. Alitikisa kichwa mara moja tu, midomo inasema bila sauti, *nakuomba*. Nikamtazama Kocha. Alikuwa ananitabasamia, ana hakika na mimi, kama mtu anayemtazama mchezaji wake mwaminifu akienda kupiga mtupo huru.

"Malenga, sema basi!" Bibi akapaza sauti. "Tughanie tena lile paa!"

"Paa! Paa! Paa!"

Fundi Redio, kwa uungwana wake mpya, akainama.

"Ngoja nikusaidie bango lako," akasema, na akaushika utepe.

"Fundi!"

Ukumbi ukanyamaza. Hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia sauti yangu hivyo. Haikuwa na vina.

"Fundi, liache hapo hapo chini. Utepe huo haukuhusu wewe. Nakuahidi, mbele ya Mama Mwenyekiti, mbele ya kaka yangu, na mbele ya huyo niliyekuwa nataka kumwita baba: nitalikunjua kwa mikono yangu mwenyewe, na nikishamaliza, ile ngoma pale mezani utaibeba wewe."